Matanga Yasiyo na Maiti

Mama mkubwa Alima, dada wa mama yangu, amefua nguo za watu maisha yake yote hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Babu alikuwa mainato. Ndivyo Wareno walivyomwita mwanamume wa kuwafulia na kuwapigia pasi. Aliwafulia kambini kwao wakati wa vita vya ukombozi, miaka ambayo watu wa vijiji vya jirani walikusanywa nyuma ya waya wa miba, nyumba zao zikapangwa mistari iliyonyooka ili mlinzi akisimama mwanzoni aone mpaka mwisho.

Wareno walipoondoka, babu aliifukia pasi yake ya makaa nyuma ya nyumba. Watu walikuwa wameanza kumwita mtu wa Wareno, na siku zile jina hilo lilitosha kumpeleka mtu mbali na kwao asirudi. Akawa anangoja. Kweli, asubuhi moja wakaja vijana wawili wa jeshi jipya, wamebeba bunduki, wakamwuliza kama yeye ndiye mainato. Akajibu kwamba alikuwa, zamani.

"Pasi iko wapi?"

"Pasi ipi, wanangu?"

"Mzee, usituchezee. Kamanda ana mkutano mchana na shati lake limekunjamana."

Akaifukua. Mama Alima, msichana mdogo wakati huo, ndiye aliyepuliza makaa. Akilisimulia jambo hilo hucheka mpaka anajifuta macho kwa ncha ya kapulana, kanga aliyojifunga. "Baba kwa woga nusura aunguze kola. Kijana mmoja akamwambia, 'Tulia mzee, sisi si Wareno.' Baba akamjibu, 'Najua, mwanangu. Ila kola ni ileile.'"

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Wote waliokuja hapa walishusha bendera na kupandisha nyingine. Walibadili majina ya mitaa, wakatuambia tuhame huku tukae kule, wakatufundisha nyimbo. Na wote waliokuja walichafuka, kwa sababu mavumbi ya hapa hayachagui serikali. Ukoo wetu ulijifunza kuishi katika upenyo huo mdogo, kati ya mtu mwenye amri na shati lake.

Babu alipokufa, pasi ikawa ya Mama Alima. Wanaume walimcheka kidogo, mwanamke kushika kazi ya mainato, kisha wakamletea mashati. Aliwafulia maofisa wa wilaya na walimu waliotumwa kutoka Maputo. Aliolewa, akaachika, akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Zuberi. Zuberi alilala mgongoni mwake huku mama akisugua nguo, na mimi, niliyekuwa binti mkubwa tayari, nilimchukua anapolia.

Halafu ikaja gesi.

Watu wa kampuni walikuja kwanza na kofia ngumu na maswali ya adabu. Baadaye ukaja uzio. Kijiji alichozaliwa Mama Alima, upande wa pili wa ghuba, kikawa ndani ya uzio huo, na jamaa zake wakajengewa nyumba za matofali mahali pengine. Siku alipokwenda kuwatembelea mara ya kwanza alisimama barabarani akiziangalia zile nyumba, mstari baada ya mstari, zote uso mmoja.

"Vipi mama mkubwa, nzuri?" nikamwuliza.

"Nzuri. Nilishaziona nikiwa mtoto. Hawa wameongeza umeme."

Zuberi alikuwa mvuvi. Ufuko aliokuwa akivulia ulipofungwa, akahangaika mwaka mzima, kisha kampuni ndogo iliyokuwa ikijenga barabara ikamchukua ashike bendera. Alisimama juani, nyekundu magari yasimame, kijani yapite. Walimpa ovaroli mbili za rangi ya chungwa zenye mikanda inayong'aa, moja ya kuvaa na moja ya kubadilisha. Vijana wenzake walimtania.

"Zuberi, umeacha bahari ukapepee kitambaa?"

"Juzi gari la waziri lilisimama kwa mkono wangu huu. Wewe ukipita, nani anasimama? Hata mbuzi hasogei."

Ndiyo miaka aliyomwoa Dalila, binti wa kijiji cha Olumbi, msichana mwembamba asiyeongea sana, na wakapata mtoto wa kike, Zaida. Mama Alima alifua ovaroli za mwanawe kwa bidii ambayo hakuwafanyia makamanda. Mikanda ile hakuipitishia pasi. Aliifuta kwa kitambaa chenye maji, polepole, akisema hiyo ndiyo inayomwambia dereva kwamba pale amesimama mtoto wa mtu.

Machi ya mwaka 2021, waasi tunaowaita vijana wa msituni walipoingia Palma, Zuberi alikuwa kazini. Mama Alima na Dalila walitoka kwa miguu, Zaida mgongoni, wakapita kwenye mikoko mpaka karibu na uzio wa kampuni, wakalala mchangani pamoja na maelfu ya watu. Boti likawapeleka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Huko walikwenda kila mahali palipokuwa na watu wa Palma, wakiuliza. Zuberi hakuwapo. Mji ulipotulia kidogo, baada ya askari wa Rwanda kuja kusaidiana na wa kwetu, wakarudi. Nyumba haikuwa na paa. Katika sanduku la bati, chini ya vifusi, wakaikuta ile ovaroli ya kubadilisha, imekunjwa kama ilivyoachwa.

Habari za Zuberi zilikuwa tatu. Mamudo, aliyeshika bendera pamoja naye, alisema alimwona akipanda lori lililokuwa likikimbiza watu, na lori hilo lilishambuliwa njiani. Mwanamke mmoja wa mtaa wa juu alisema amesikia kwamba alionekana msituni, pamoja na wale vijana, amebebeshwa gunia. Wengine walisema alivuka mto Ruvuma akaingia Mtwara, Tanzania. Hakuna aliyekuwa na hakika. Mama Alima akawa na wana watatu, mmoja amekufa, mmoja yuko msituni, mmoja yuko ng'ambo, na aliwaombea wote.

Kwetu nguo za aliyekufa hazikai nyumbani. Hutolewa, na wa kwanza kupewa ni yule aliyemwosha maiti. Nguo za aliye safarini hufuliwa, huanikwa, hukunjwa, zimngoje. Kwa hiyo kila Ijumaa Mama Alima aliitoa ile ovaroli sandukuni, safi kama ilivyo, akaifua, akaianika uani. Hakuna aliyemwambia aache. Kumwambia aache ni kumwambia jambo jingine.

Kazi yenyewe ilirudi. Palma ilijaa wanajeshi, na baadhi yao walimletea nguo. Sajenti mmoja Mnyarwanda, mrefu, Kiswahili chake cha bara, alipenda kukaa kwenye kigogo akingoja.

"Shikamoo mama. Hii kombati inyooke kabisa, wakubwa wanakuja."

"Ikinyooka sana utainamaje risasi zikija?"

"Mama, wewe ungefaa kuwa jenerali."

"Nina haja gani? Majenerali wenyewe wananiachia suruali zao."

Sajenti alicheka mpaka akashika goti. Mimi nilicheka pia, huku nikiiangalia pasi ya babu ikipita juu ya kombati ya jeshi la nchi nyingine.

Mwaka wa nne tangu Zuberi apotee ukaanza. Kampuni ilisemekana inarudi, na watu waliogopa kuliko walivyofurahi, kwa sababu kila mtu alitaka mtaa wake uonekane safi, usio na mtu wa msituni. Hapo ndipo majirani walipoanza kuiangalia kamba ya Mama Alima kwa jicho jingine. Nguo ya mwanamume inaanikwa kila wiki, mwanamume haonekani. Nyumba ya namna hiyo, siku hizi, haisemwi kwamba ina mama anayengoja. Inasemwa kwamba ina mtu anayekuja kwa siri kutoka msituni, anabadilisha nguo, anakula, anarudi. Maneno yakapita kisimani, yakapita sokoni. Sisi wa nyumbani ndio tuliokuwa wa mwisho kuyasikia.

Walikuja watu watatu, wawili wamevaa kiraia. Hawakujitambulisha. Walimchukua Dalila, wakamrudisha kesho yake alasiri. Aliingia uani bila kusalimu, akanawa uso, akanawa tena. Mama Alima alikuwa na beseni mbele yake. Mimi nilikuwa nimemshika Zaida.

"Wameniuliza mume wangu huja saa ngapi kuvaa nguo zake," Dalila akasema. "Wameniuliza humpikia nini. Nani humletea sabuni."

"Mwanangu, uliwaambia..."

"Niliwaambia mama mkwe anafua nguo ya mtu asiyekuwapo. Wakacheka. Mmoja akasema, bibi huyo ana wazimu au ana akili nyingi?"

Mama Alima alitoa mikono majini, akaiweka mapajani, ikawa inachuruzika kwenye kapulana.

"Mama, mimi nimekaa nawe. Baba yangu aliniita Olumbi nirudi, sikwenda. Lakini nichagulie leo. Zuberi akiwa hai, mimi ni mke wa mtu wa msituni, ndivyo wanavyoniita kisimani, na Zaida atakua na jina hilo. Akiwa amekufa, mimi ni mjane. Mjane anaachwa alale."

"Unataka nimuue mwanangu?"

"Nataka uniache mimi hai." Kisha, kwa sauti ya chini, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha, akaongeza, "Na kuna mtu ameniuliza. Carimo, yule fundi wa matofali. Sikumjibu. Siwezi kumjibu, mimi si mke wala si mjane."

Nilidhani Mama Alima atamfukuza. Aliinuka, akaenda kwenye kamba, akaitoa ile ovaroli ikiwa bado mbichi, akaingia nayo ndani. Siku ile hakutoka tena.

Kesho yake nilimsindikiza kwa Shehe Abudo, imamu wa msikiti wa mtaa wetu, aliyemfundisha Zuberi Kurani. Alitukaribisha barazani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Alima, miaka hii inatosha, njia ipo," akasema. "Tunaweza kumswalia sala ya ghaibu, mkakaa matanga, binti akakaa eda yake. Lakini lazima mtu wa damu yake aseme kwamba amekubali amekufa. Hilo mimi siwezi kukusemea."

"Moyo haujakubali, shehe."

"Basi?"

"Ulimi utasema. Ulimi unakutosha?"

Shehe aliinamisha kichwa. Alikuwa mzee, naye alizika wengi miaka hii, na wengine hakuwapata awazike. "Utanitosha," akasema.

Tukakaa matanga. Nimekaa matanga mengi, ila hayo hayakuwa na pa kuangalia. Hapakuwa na kitanda wala sanda, wala njia ya makaburini ambayo wanaume wangeifuata na wanawake wakaisindikiza kwa macho. Wanaume waliswali wakielekea kibla, mbele yao sakafu tupu. Watu hawakuja wengi. Wengine waliogopa kuonekana wakimlilia mtu ambaye huenda alikuwa msituni. Waliokuja walikaa mlangoni, wakala kidogo, wakaaga mapema. Sufuria kubwa aliyoazima Mama Alima ilirudi na wali nusu.

Catarina, jirani yetu Mmakonde, Mkristo, alikuja asubuhi na kuni kichwani, akazitua, akaanza kupepeta mchele bila kuulizwa. "Mimi sina cha kusema," akaniambia. "Wangu wawili pia sijui waliko."

Siku ya kuvunja matanga, ovaroli ililetwa mbele, imekunjwa juu ya sinia. Shehe Abudo alitazama huku na huku. "Nguo za marehemu ni za aliyemwosha," akasema, kama ilivyo desturi, na neno likawa limeshatoka kinywani. Hakuna aliyemwosha. Kila mtu aliangalia mkeka.

"Nipeni mimi," Mama Alima akasema.

"Alima..."

"Nimewafulia Wareno nikiwa mtoto. Nimewafulia waliowatoa Wareno. Hawa wa leo nawafulia. Mwanangu sikupewa nimwoshe, nimemfulia nguo tu miaka yote hii. Ndiyo maji niliyompa. Nipeni."

Wakampa. Baada ya wiki niliikuta ameikata vipande vinne vya kushikia mpini wa pasi.

Hapo kukawa na utulivu, na sitasema ulikuwa wa uongo. Majirani walirudi kumwamkia Dalila. Kisimani waliacha kumwita mke wa mtu wa msituni, wakamwita mjane. Wale watu watatu hawakuja tena. Dalila alikaa eda yake ndani, hakujipamba, hakutoka, na Mama Alima alimhudumia kana kwamba ni binti aliyemzaa, akimletea maji ya kuoga na kumsuka. Niliwasikia siku moja wakicheka kwa jambo fulani alilowahi kufanya Zuberi.

Eda ilipokwisha, Carimo akaleta washenga. Mama Alima ndiye aliyewapokea, kwa sababu Dalila aliomba iwe hivyo, na baba yake wa Olumbi akakubali. Carimo ni mtu mpole, mikono imechubuka kwa saruji. Alikuwa amepata kazi Awasse, kwenye njia panda, ambako watu walikuwa wanajenga upya nyumba zilizochomwa. Wakahamia huko. Zaida akaenda nao. Mtoto alijua ni safari ya gari tu, akapanda mbele kwa furaha, akasahau kuaga. Mama Alima alibaki barabarani ameinua mkono nusu.

Nikawa nakwenda kwake kila nikitoka shule ninakofundisha. Malori ya kampuni yalikuwa yamerudi, marefu, yakitikisa kuta. Vijana wapya walisimama na bendera pale Zuberi aliposimama, wamevaa rangi ileile, na wengine walimletea Mama Alima nguo zao. Alizifua. Nilimwuliza kama haimwumi. Akasema, "Wana mama zao."

Kisha, Jumamosi moja, akaja Jacinto. Jacinto ni dereva, mtu wa Mueda, huchukua vitunguu na sabuni ng'ambo ya Ruvuma akaviuza huku, na huleta mashati yake kwa Mama Alima kila akirudi. Tulikuwa uani, mimi na mama mkubwa, tunachambua mboga. Akatua mfuko wake, akasalimu.

"Shikamoo mama. Nina salamu zako, nusura nizisahau."

"Marahaba. Za nani?"

"Za kijana mmoja huko Mtwara, anapakia simenti pale ninapopakia. Kunisikia nikisema Palma, akaacha mfuko chini, akaniuliza, 'Mama Alima mfua nguo yu hai?' Nikamwambia yu hai, tena ananigombeza kila wiki kwa kola zangu. Akacheka. Nikamwuliza, wewe nani? Akasema, 'Mwambie tu nipo. Mwenyewe atajua.'"

Mboga zilikuwa mkononi mwangu, sikuweza kuziweka chini. Nilimtazama mama mkubwa. Uso wake haukubadilika. Ila majani mazuri alikuwa akiyatupa pamoja na mabovu.

"Anafananaje?" nikauliza mimi.

"Nyamaza," Mama Alima akaniambia, bila ukali.

Nilijua anachokifikiria, maana nami nilikuwa nakifikiria. Dalila alikuwa na mimba ya Carimo, miezi michache tu. Neno moja la Jacinto likifika Awasse, Dalila atakuwa mke wa watu wawili, na mtoto wa tumboni atakuwa hana jina. Na kijana aliyekaa ng'ambo miaka yote hiyo bila kutuma neno, akirudi, wataulizwa tena waliokuwa wakimficha. Wale watu watatu wanajua njia ya kuja kwetu. Na yeye mwenyewe, Zuberi, kama ndiye, alikuwa anajua kwa nini hakulitaja jina lake.

"Mama, humjui?" Jacinto akauliza. "Alionekana kama anakujua sana."

"Palma ilikuwa na watu wengi," Mama Alima akasema. "Wengi walinijua."

"Nirudi nimwambie nini? Alhamisi nitakuwa huko."

Mama Alima aliziangalia nguo za Jacinto, akaanza kuzitoa mfukoni moja moja, akizikunjua, akitafuta madoa. Alikwenda taratibu mno.

"Mwambie uliuliza," akasema hatimaye. "Mwambie Mama Alima alikuwa na mtoto mmoja tu, akafa, watu wakaja, wakaswali, matanga tumeshakaa."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usimpunguzie."

Jacinto alituangalia, akaona kwamba kuna jambo, akainuka. Alipofika langoni Mama Alima akamwita.

"Jacinto."

"Naam, mama."

"Huyo kijana. Alikuwa mzima?"

"Mzima. Amekonda tu."

"Basi nenda, mwanangu."

Alipoondoka, mama mkubwa alibaki amekaa na shati la mtu mwingine mapajani. Nilisogea nikamshika mkono. Akaniacha nimshike. Lori likapita barabarani, kuta zikatikisika, tukangoja lipite.